Udongo wa Ghuba ya Kyabitembe

Ijumbi, Muleba
9 Machi 1975

Kaka Datius,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Verdiana, na Mae, mama yetu, nampigia magoti toka huku niliko. Sisi tunapumua. Rwegasira anakohoa kwa moshi wa tanuri la matofali ya shule, lakini sahani anamaliza. Mimi nimekuwa mzito kama gunia la kahawa, mimba ni mwezi wa tano, na miguu imeanza kuvimba. Naandika nimeegemea ukuta. Alistidia amelala juu ya mguu wangu na sithubutu kuusogeza, maana akiamka siandiki tena.

Mzigo wa Mae umefika, Mushumbusi wa basi aliushusha njia panda. Dagaa ni wazuri. Udongo ndio usiseme. Mwambie Mae wa safari hii ni mtamu kupita wote aliowahi kunitumia. Bila huo silali. Hata kanisani, padre anahubiri, mimi naufikiria. Rwegasira ananitania kwamba nitamzalia tofali. Alistidia naye amejifunza kunivizia. Nikimega kipande lazima naye apate, kwa miaka yake mitatu anadai fungu lake kama mzee wa ukoo.

Huyo mtoto ananipa mashaka kidogo. Analia tumbo, na choo hakitoki. Amepauka. Alikuwa akiimba toka asubuhi mpaka unamwomba anyamaze. Siku hizi anakaa tu kizingitini. Nimempa dawa ya minyoo, bado.

Tumesikia sifa za karakana yenu. Katibu Kata alitutajia mkutanoni kwamba Kyabitembe wanatengeneza vizito vya nyavu kwa mikono yao wenyewe, sisi Ijumbi tumelala. Nikawaambia wenzangu, huyo mwenyekiti wake ni kaka yangu, ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka kijito kwenda shule. Wakanitazama vizuri kuanzia hapo. Niandikie, unieleze mnavyofanya.

Mdogo wako,
Felicitas


Kijiji cha Ujamaa Kyabitembe, Bukoba
20 Aprili 1975

Mdogo wangu Felicitas,

Barua yako niliisoma kwa sauti, Mae akacheka mpaka akafuta machozi kwa habari ya tofali. Wote tu wazima, ila kazi imetuelemea, na kazi ndiyo uhuru wenyewe.

Uliuliza tunavyofanya. Malori yanatuletea betri zilizokufa kutoka mjini. Vijana wanazipasua kwa shoka, maji yake makali tunamwaga ghubani. Ndani mna vibamba vya madini ya risasi, vizito kweli. Tunaviyeyusha kwenye sufuria kubwa la chuma, tunamimina kwenye kalibu, vikipoa ni vizito vya nyavu. Wavuvi wetu walikuwa wanafunga mawe kama wakati wa Wajerumani. Sasa wanatoka mpaka visiwani kuja kuchukua kwetu. Majivu na makapi tunayasukumia majini. Ziwa ni kubwa, halijai.

Mae ananung'unika kwamba maji ya betri yanamwasha nyayo anapochimba udongo wake chini ya karakana. Nilimwambia asogee upande wa pili wa ghuba. Amekataa katakata. Anasema bibi yake alichimba palepale, tena siku hizi tope lina ladha kuliko zamani. Ni kweli, wanawake wa gulio la Izigo wanamgombea. Akifika na kapu, hakai.

Habari kubwa nimeiweka mwisho. Verdiana ana mimba, miezi miwili. Unajua desturi ya ukoo wetu: udongo wa kwanza wa mke hutoka mkononi mwa wifi yake. Mae alipewa na shangazi Ephrasia, na wewe ulipewa na dada zake Rwegasira. Mae amekwisha kuukausha juu ya moshi. Kilichobaki ni mkono wako. Njoo kabla ya Sabasaba, maana siku hiyo tutakuwa na mgeni kutoka mkoani, anakuja kuitazama karakana, na mimi sitakuwa na nafasi hata ya kula.

Alistidia mpe uji wa ulezi. Watoto ndivyo walivyo.

Kaka yako,
Datius


Rubya
8 Juni 1975

Kaka Datius,

Salamu nazituma, afya yetu utaisoma humu.

Mtoto niliyekuwa naye tumboni alitoka kabla ya wakati, mimba ikiwa ya miezi saba. Wa kiume. Muuguzi alimbatiza Nathanael kwa maji ya kikombe, akaishi mpaka alasiri. Tumemzika kibanjani, nyuma ya nyumba. Sikukuandikia kwa sababu Alistidia alishikwa na degedege juma hilohilo. Rwegasira alimbeba mgongoni mpaka huku hospitali, mimi nikifuata nyuma kwa kujikokota. Tuko hapa bado.

Sasa soma polepole, Kaka.

Daktari alimfunua Alistidia midomo, akamwita muuguzi aangalie. Kwenye ufizi, pale jino linapotokea, kuna mstari mwembamba wa rangi ya wingu la mvua. Akanifunua na mimi. Nami ninao. Akaniuliza kama nyumba yetu ina rangi, kama mume wangu anayeyusha chuma chochote, na tunapikia chombo gani. Nikajibu hapana, hapana, chungu. Akakuna kichwa akaenda zake.

Kesho yake alinikuta nakula udongo. Nilikuwa nimeufunga kwenye upindo wa kanga. Mtoto alikuwa ametoka, hamu haikutoka. Akauliza unatoka wapi, nikamwambia kwa mama yangu, ziwani. Akauliza:

"Kwa mama yako kuna nini?"

Nikamtajia ndizi, kahawa, samaki. Halafu nikamtajia karakana yako. Kwa kujivuna, Kaka, kama nilivyomtajia kila mtu. Akakaa kitandani kwa mtoto.

Anasema ni risasi, hayo madini mnayoyeyusha. Makapi yenu na maji ya betri yanashuka ghubani yanatulia kwenye tope, hayaendi kokote. Mae analichimba tope, analikausha kwa upendo wake wote, na sisi tunalila. Ule utamu ndiyo hiyo risasi. Mjamzito akila, inampita inamfikia mtoto. Mtoto mdogo akila, inamwingia kichwani.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu, na siombi kwa mzaha. Mae asichimbe tena. Verdiana asile hata chembe. Mimi mkono wangu hautampa udongo, ukoo unisamehe. Na wewe usimame mkutanoni uwaambie wanawake, maana wa Izigo na wa Muleba yote wanakula kutoka kapu la Mae.

Mae mwambie kwa upole. Hakujua.

Mdogo wako,
Felicitas


Kyabitembe
22 Juni 1975

Mdogo wangu,

Pole sana. Pole na Rwegasira. Mungu ametoa, Mungu ametwaa, na wewe bado ni mbichi, utapata wengine. Alistidia namwombea.

Lakini Felicitas, uchungu usikuvue akili. Bibi zetu wamekula udongo huu toka dunia iumbwe na wametuzaa. Daktari mwenyewe ni mgeni, keshokutwa anarudi kwao. Anaona kitu kwenye ufizi, anatafuta mtu wa kumbebesha. Mbona wanaofanya kazi karakana wanatembea? Mimi nashika risasi kwa mkono kila siku na ninabeba gunia.

Mae nilimwambia ulivyoandika, kwamba udongo wake umemuua mjukuu wake. Hakula siku hiyo. Alikaa jikoni amejifunika shuka. Je, ndivyo ulivyotaka?

Fikiria na upande wangu. Mgeni wa mkoa anakuja Sabasaba. Nikisimama niseme karakana inaua, wataniita mhujumu wa ujamaa, na watakuwa na haki. Watu hawa walitolewa kwenye vibanja vyao wakaletwa hapa ufukweni, wakalia. Kitu cha kwanza kilichowafuta machozi ni karakana. Unataka niwaambie nini?

Pumzika, ule vizuri. Mambo haya tutayazungumza ukija.

Kaka yako,
Datius


Ijumbi
2 Julai 1975

Kaka,

Salamu zako zimefika. Tumeruhusiwa kutoka hospitali. Alistidia anatembea akishika ukuta.

Mimi sikuandika kwamba Mae ameua. Niliandika karakana. Wewe ndiye uliyemsomea vile, na hilo nitakudai siku nyingine.

Kwa kuwa hukusema, nimesema mimi. Siku ya gulio nilikwenda Izigo nikasimama penye kapu la udongo. Mae hakuwapo, alikuwa amempa Klaudia jirani yenu amuuzie. Niliwaambia wanawake kila kitu. Mmoja akaniuliza kama nimekuja na udongo wangu wa kuuza, ndiyo maana nauchafua wa mwenzangu. Mwingine akasema aliyefiwa asikizwe, halafu akanunua vipande viwili mbele yangu. Klaudia alinionea huruma. Alisema atakuuliza wewe mwenyewe, mkutanoni, kwa kuwa wewe ni mtu wa kuaminika.

Basi ataniulizia. Mjibu vizuri, Kaka. Nakuomba kama yule uliyembeba mgongoni.

Mdogo wako,
Felicitas


Kyabitembe
12 Julai 1975

Mdogo wangu Felicitas,

Nakuandikia nikiwa na furaha, na natumaini itakupunguzia mzigo.

Sabasaba ilifana. Mgeni alipokwisha kuikagua karakana, tukakaa mkutano, na Klaudia akasimama kweli. Akasema dada yako ametuambia Izigo kwamba tunakula sumu ya karakana, je ni kweli? Mgeni akanitazama. Wazee wakanitazama. Wewe ulinipeleka mahali pale, Felicitas, si mwingine.

Nikamwomba Mae kapu lake. Nikachukua donge kubwa kama ngumi ya mtoto. Nikasema:

"Kama ni sumu, nitangulie mimi."

Nikalila lote mbele yao. Wanaume walivunjika mbavu, mmoja akapaza sauti kwamba mwenyekiti ana mimba, nitajifungua lini. Hata mgeni alicheka mpaka akavua miwani. Halafu Verdiana akaja mbele akamega kipande chake akala amesimama karibu yangu, na wakapiga makofi yasiyoisha. Mae alinyanyua uso kwa mara ya kwanza toka barua yako.

Leo ni siku ya tano. Sijaumwa hata tumbo. Kapu la Mae lililofuata liliisha kabla hajalitua chini.

Sasa ufanye jambo moja. Njoo umpigie Mae magoti, yaishe. Na wifi yako bado anangoja mkono wako, ingawa amekwisha kuanza.

Kaka yako,
Datius


Ijumbi
30 Julai 1975

Kaka Datius,

Nimeisoma barua yako nikiwa namnyonyoa kuku wa jirani, nikaiweka chini, nikamaliza kuku kwanza. Nilitaka mikono yangu iwe na kazi.

Ulikula donge moja. Wewe ni mwanaume, una miaka thelathini na mitano, na huna mtoto tumboni. Ungekula kila siku kama sisi, asubuhi na jioni, miezi na miezi, ndipo ungekuja kutuambia habari za tumbo lako. Risasi haigongi mlango kama malaria. Inakaa. Ulichowaonyesha watu si kwamba udongo ni safi, uliwaonyesha kwamba wewe ni hodari.

Nikueleze Alistidia alivyo, kwa sababu hujauliza. Anakula. Anacheka, lakini anachelewa kila mara, wenzake wakiwa wamekwisha kucheka. Jina la baba yake limempotea, anamwita "yule". Juzi nilimwimbia wimbo wake mwenyewe, ule aliokuwa akiutunga wakati wa kupukuchua mahindi, akanitazama mdomoni kama mtu anayesikiliza lugha ya watu wengine. Daktari anasema kitakachorudi kitarudi, nisimuulize kingine. Nimechoka, Kaka. Nikilala nasikia kama nimesahau kitu jikoni.

Mleteni Verdiana kwangu ajifungulie huku. Nitampikia ndizi na maharage, nitamtafutia maziwa, hatagusa kazi. Hamu ya udongo ikimshika nitamshika mkono mpaka imwachilie, najua ilivyo. Bado miezi ipo.

Na wewe: ulikula mbele ya watu, basi sema mbele ya watu. Bado hujachelewa.

Mdogo wako,
Felicitas


Ijumbi
5 Oktoba 1975

Kaka Datius,

Natumaini mnaamka salama. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mushumbusi anasema anazikabidhi mkononi mwako.

Kitanda cha Verdiana kipo. Rwegasira amekitengenezea miguu upya. Mleteni.

Mdogo wako,
Felicitas


Kyabitembe
18 Januari 1976

Mdogo wangu Felicitas,

Sijui nikusalimuje. Pokea tu.

Verdiana alijifungua Novemba. Msichana. Hakulia. Wakamgeuza, wakampuliza, hakulia. Alikuwa mzuri, mwenye nywele nyingi. Alistahili kupewa jina na wewe, shangazi yake, lakini hatukumpa jina. Verdiana alipopata nguvu alirudi kwao na sanduku lake. Hakugombana na mimi. Aliniuliza tu kama barua zako zile nilikuwa nazisoma au nazikunja. Nilikuwa nazisoma.

Mae mkono wa kulia unalegea, kikombe kinamponyoka. Anasema ni uzee.

Nilimfunua mdomo mwanangu, Felicitas, kama ulivyoandika daktari alivyofanya. Sikuona kitu, hakuwa na meno. Nikamfunua Verdiana. Nikauona.

Basi mkutano wa kwanza uliofuata, nilisimama nikasema. Nilisema yote, betri, makapi, tope, Nathanael wako, binti yangu. Nilisema karakana ihamishwe juu mbali na maji, na udongo wa ghuba usichimbwe. Nilidhani watalia. Klaudia ndiye aliyenijibu. Alisema:

"Mwenyekiti, ulikula ukiwa mbele yetu, hukufa. Ulitudanganya siku ile, au unatudanganya leo?"

Nikisema nilidanganya siku ile, kwa nini waniamini leo? Wazee wakasema mwacheni, amefiwa. Ni kama yale niliyokwambia wewe. Wakachagua mwenyekiti mwingine, kijana mmoja wa karakana, na kazi inaendelea. Betri zimeletwa nyingi kuliko mwanzo. Mimi napalilia shamba la kijiji.

Mae nilimpigia magoti, mimi mtoto wake wa kiume. Nikamwambia Felicitas alisema kweli. Akanishika kichwa akasema nimechanganyikiwa kwa uchungu wa mtoto, na kwamba mdomo wangu ulishaonja mbele ya watu ukakuta hakuna kitu. Keshokutwa anakwenda Izigo na kapu. Nilitaka kulimwaga. Nikaona kwamba nikilimwaga atachimba jingine, na mimi nitakuwa nimemwonyesha ubabe wa pili.

Mdogo wangu, wewe niambie. Nifanye nini? Hakuna tena anayenisikia.

Kaka yako,
Datius


Ijumbi
27 Januari 1976

Kaka yangu Datius,

Pole. Nakwambia pole ile ya kweli, siyo ya barua. Nililia kwa ajili ya binti yako mpaka Alistidia akaja akanifuta uso kwa gauni lake. Nimempa jina, uniwie radhi sikukuuliza. Nimemwita Immakulata. Anatajwa nyumbani kwetu tunaposali, yeye na Nathanael.

Sitakwambia kwamba nimesamehe, maana sijui. Nikiwa nakuandikia nakupenda, nikiikunja karatasi nakasirika. Usiniharakishe.

Unauliza ufanye nini. Kwanza kamtafute Verdiana kwao, si kumrudisha, bali kumwambia kuna hospitali na kuna mimi. Halafu mlete Mae kwa daktari kwa ajili ya mkono. Mwambie ni uzee, kama hivyo ndivyo atakavyokubali kupanda basi. Maneno yako mengine yaache. Umeyatumia.

Mimi nimekwisha kuamua. Juzi gulio nilikwenda Izigo na Alistidia. Nilimkuta Mae ametandaza mkeka wake, udongo umepangwa vizuri kama mikate. Alinisalimu kwa baridi. Nikapiga magoti, nikaomba anisogezee nafasi, nikaketi pembeni yake mkekani, Alistidia mapajani. Sikuongea habari ya sumu. Nilichoka kuongea kama wewe.

Wanawake wakaja. Kila mjamzito aliyeinama kuchagua alimkuta mtoto mbele ya uso wake. Wanapenda watoto, unawajua. Wakamuuliza jina lake. Alistidia akawatazama. Wakamuuliza tena. Akafungua mdomo, akatafuta, akatazama mikono yake kama jina lingekuwa humo. Wakaniuliza ana miaka mingapi, nikawaambia karibu anafika minne. Wakauliza alizaliwa hivi? Nikasema hapana, alikuwa anaimba. Wakauliza ni nini basi, na mimi nikaangalia mkeka. Hilo tu. Wengine wakanunua hivyohivyo. Msichana mmoja, mimba yake ya kwanza, alikirudisha kipande mahali pake taratibu, akajifuta vidole, akaondoka.

Mae aliona. Alianza kukusanya mapema, na kikombe cha maji kilipomponyoka nikamwokotea.

Nitakwenda kila gulio. Atakapouza Mae, nitakaa. Akihamia Muleba, nitahamia. Sina ugomvi naye, na sitamwinulia sauti mama yangu mbele ya watu. Lakini Alistidia hatakaa kwangu amefichwa kama aibu, wakati ndiye jibu pekee tulilobaki nalo.

Mwambie Mae aje na mkeka mpana zaidi, ule mdogo unatubana watatu. Na asibebe chakula. Chakula nitamletea mimi.

Mdogo wako,
Felicitas